Kibodi Jukwaani: Jibu kwa Watetezi wa Piano ya Nyuzi

Piano ya nyuzi na kibodi ya kidijitali hupigwa kwa vidole vilevile juu ya vitufe vya mpangilio mmoja, lakini sauti zao huzaliwa kwa njia mbili tofauti. Kwenye piano ya nyuzi, kitufe kikibonyezwa hurusha nyundo iliyovikwa sufu iliyoshindiliwa. Nyundo hugonga waya wa chuma, waya hutikisa ubao mpana ulio chini yake, na ubao huo ndio unaosukuma hewa hadi sikioni. Kwenye kibodi, vihisi hupima kasi ya kitufe, saketi huchagua au hukokotoa sauti inayolingana na kasi hiyo, na kazi ya kusukuma hewa huachiwa spika. Kutokana na tofauti hiyo imekita mizizi rai moja miongoni mwa walimu wa muziki, mashabiki wa jazi, wenye hoteli na hata wapigaji wenyewe: kwamba piano ya nyuzi ndiyo ala, na kibodi ni ya kushikizia tu, kwamba bendi hupanda jukwaani na kibodi kwa sababu ya ufukara, na siku mambo yakinyooka zitarudi kwenye piano. Kwa sebule au ukumbi mdogo uliotulia, rai hiyo ina haki yake. Kwa onesho la bendi inayopiga kwa vipaza sauti, haina msingi.

Hoja ya kwanza ya watetezi wa piano ya nyuzi ni sauti, na ndiyo yenye nguvu kuliko nyingine zote. Piano kubwa ya tamasha ina vitufe 88 na nyuzi zipatazo 230, zilizokazwa kwa nguvu ya jumla inayokaribia tani 20. Mpigaji akikanyaga pedali ya kulia, nyuzi zote huachiwa huru, na waya mmoja ukigongwa mingine kadhaa huitikia bila kuguswa. Sauti hutoka juu, chini na ubavuni mwa sanduku kwa wakati mmoja, kisha hujibiwa na kuta. Hakuna spika mbili zinazoweza kuurudufu mtawanyiko huo sawasawa, na mtu aliyeketi mita tatu kutoka kwenye piano nzuri, chumba kikiwa kimya, hahitaji kuhubiriwa.

Bendi, hata hivyo, haipigi katika chumba kimya. Dramu zikianza, besi ikaingia na tarumbeta zikajibu, piano ya nyuzi humezwa yote na kifuniko chake. Hapo fundi mitambo hulazimika kuingiza maikrofoni ndani ya sanduku, na tangu dakika hiyo ubishi kuhusu mbao na nyuzi hupoteza maana, kwa kuwa msikilizaji wa safu ya kumi hasikii tena ubao, anasikia spika. Kinacholinganishwa sasa ni ishara mbili za umeme zinazoelekea kwenye spika zilezile. Moja imepitia maikrofoni iliyo wazi kwa kila kelele ya jukwaani, nyingine imepitia waya.

Kinachofuata baada ya maikrofoni kuingizwa kinajulikana na kila aliyewahi kusimama nyuma ya mixa, ingawa watetezi wa piano hawakizungumzii. Maikrofoni zikiwekwa mbali kidogo na nyuzi, mahali ambapo sauti ya piano hukomaa, zinakamata matoazi na dramu kuliko piano yenyewe. Zikisogezwa karibu na nyundo, zinakamata mlio mkavu wa kila pigo na kuacha utamu nje. Kifuniko hushushwa, wakati mwingine hufungwa kabisa na kufunikwa kwa mablanketi mazito ili kelele isiingie. Piano iliyosanifiwa ipumue juu sasa inapumua kupitia mwanya. Kisha mpigaji anaomba ajisikie zaidi kwenye monita, spika inayomwelekea yeye, na hapo ndipo balaa huanza. Ubao wa sauti ni kama ngozi ya ngoma yenye ukubwa wa meza ya kulia chakula: monita hutikisa ubao, ubao hurudisha mtikisiko kwenye maikrofoni, maikrofoni huupeleka tena kwenye monita, na ukumbi mzima unaziba masikio. Fundi hana la kufanya ila kukata: anakata besi inayovuma, anakata katikati panapolia, anapunguza monita mpaka mpigaji abaki anakisia. Kinachotoka kwenye spika kuu baada ya kukatwa huko kote ni sauti nyembamba, ya bati, ambayo mtu asiyeambiwa angeapa kuwa ni ya kibodi ya bei rahisi.

Kibodi nzuri, kwa upande wake, hubeba sauti iliyorekodiwa kitufe kwa kitufe, kwa ngazi kadhaa za nguvu, kutoka kwenye piano kubwa ya tamasha iliyotyuniwa vizuri ndani ya studio tulivu. Nyingine hazibebi rekodi yoyote bali hukokotoa mwenendo wa nyundo, nyuzi na ubao kwa hesabu, kama programu ya Pianoteq iliyotoka mwaka 2006 au Roland V-Piano ya mwaka 2009. Ishara hiyo hufika kwenye mixa ikiwa safi, bila toazi ndani yake na bila hatari ya kuvuma. Hivyo katika ukumbi wenye bendi kamili msikilizaji wa nyuma hupata sauti ya piano iliyo karibu zaidi na piano pale ambapo hakuna piano jukwaani.

Hoja ya sauti ina tundu jingine kubwa zaidi. Watetezi husema “piano” wakiwa na picha ya ala bora, iliyotunzwa, iliyotyuniwa asubuhi ile. Mpigaji anayezunguka hakutani na ala hiyo. Mpiga gitaa huja na gitaa lake, mpiga tarumbeta huja na yake, hata mwenye dramu huja na matoazi yake. Mpiga piano huja mikono mitupu na kukabidhiwa chochote kilichomo ukumbini. Steinway ya kundi la D, ambayo kumbi kubwa za dunia hujivunia, ina urefu wa sentimita 274 na uzito wa kilo 480. Wachache mno wamemudu kusafiri na ala ya namna hiyo. Mpiga piano Vladimir Horowitz alisafirishiwa piano yake hadi Moscow mwaka 1986. Glenn Gould naye alikuwa na Steinway aliyoipenda kuliko zote. Iliangushwa wakati wa kusafirishwa mwaka 1971, na haikurudi kuwa ileile.

Aliyelielewa tatizo hili mapema kuliko wakosoaji wake ni mwimbaji na mpiga piano Ray Charles. Kufikia mwaka 1956 alikuwa amechoka na piano za kumbi za Marekani alizokuwa akipangiwa, zilizopotoka sauti na zenye vitufe vilivyokwama, akaanza kuzunguka na piano yake ya umeme ya Wurlitzer. Wanamuziki wenzake waliicheka. Mwaka 1959 alirekodi kwa ala hiyohiyo wimbo “What'd I Say”, na kicheko kikaisha. Kipofu aliyejifunza piano tangu utotoni hakuwa na upungufu wa masikio wala wa heshima kwa piano. Alichotaka ni ala ambayo leo ingetoa sauti ileile iliyotoa jana, mjini na kijijini.

Dhidi ya mfano huo hutajwa kila mara onesho la mpiga piano Keith Jarrett katika jumba la opera la Köln, Januari 24, 1975. Jarrett, ambaye alikuwa ameshazipa kisogo ala za umeme, aliomba piano kubwa ya Bösendorfer. Watumishi wa jumba wakamletea Bösendorfer ndogo, iliyochoka, yenye besi dhaifu, sauti za juu zinazokwaruza na pedali zisizofanya kazi ipasavyo. Fundi aliishughulikia kwa saa kadhaa, Jarrett akakubali kwa shingo upande, akapiga kwa kukwepa sehemu mbovu na kung'ang'ania katikati ya vitufe, na rekodi ya usiku ule ikawa miongoni mwa albamu za piano pekee zilizouzwa zaidi katika historia. Kisa hiki hutolewa kama ushahidi wa roho ya piano ya nyuzi. Kikisomwa kwa makini kinashuhudia kipaji cha Jarrett na ubovu wa utaratibu: ikiwa mpigaji wa hadhi ile, katika mji tajiri wa Ujerumani, ndani ya jumba la opera, angeweza kuletewa ala kama ile, basi anayepigia hoteli ya Mtwara au ukumbi wa Kisumu asidanganywe kwamba yake itakuwa nzima. Tena Jarrett alikuwa peke yake jukwaani na aliweza kuubadilisha muziki ili uifuate ala. Mpiga piano wa bendi hana ruhusa hiyo. Wimbo una ufunguo wake, mwimbaji ana sauti yake, na sehemu mbovu ya piano haikwepeki.

Katika Afrika ya Mashariki suala la hali ya ala linazidi kuwa zito, hasa pwani. Ubao wa sauti wa piano hutengenezwa kwa mbao laini za jamii ya misonobari, zilizokaushwa na kukunjwa kidogo ili ziwe na mgongo. Mbao hizo hunywa unyevu wa hewa. Unyevu ukipanda, ubao huvimba, mgongo huinuka na kuzikaza nyuzi, na sauti hupanda. Hewa ikikauka, hali hugeuka. Tabu ni kwamba mabadiliko hayo hayaigusi ala nzima kwa kiasi kimoja. Sehemu za katikati huhama kuliko pembeni, kwa hiyo piano haihami tu kutoka kwenye kipimo, inagombana yenyewe kwa yenyewe. Watengenezaji hupendekeza unyevu usiopungua wala kuzidi sana nusu ya kipimo, takribani asilimia 40 hadi 60. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja huishi juu ya kiwango hicho kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kutu hushika nyuzi na misumari inayozishikilia, sufu ya nyundo hulainika na kuliwa na nondo, gundi huachia, na mchwa humalizia kilichobaki. Enzi za ukoloni viwanda vya Ulaya viliuza piano zilizotangazwa kuwa za nchi za joto, zenye skrubu za shaba na viungo vilivyoimarishwa. Hatua hizo zilichelewesha maradhi, hazikuyazuia.

Kutyuni mara kwa mara ndiyo dawa inayotajwa, na ingekuwa dawa kweli kama mafundi wangekuwepo wa kutosha na kama kutyuni kungedumu. Piano iliyohamishwa inapaswa kutyuniwa tena baada ya kufika, na kazi hiyo huhitaji saa nzima au zaidi ya ukimya, kitu ambacho hakipatikani mahali ambapo watu wanagonga mapaa ya jukwaa na kujaribu spika. Jioni taa zikiwashwa, joto lake hulegeza nyuzi na sauti kuteremka. Kwenye tamasha la wazi kama Sauti za Busara, linalofanyika Unguja tangu mwaka 2004 na ambalo jukwaa lake kuu limekuwa ndani ya Ngome Kongwe, hatua chache kutoka baharini, makundi hupishana jukwaani usiku kucha. Anayedai piano ya nyuzi katika mazingira hayo hajawahi kuulizwa nani ataityuni, saa ngapi, na chumvi ya hewani ataiweka wapi.

Kuna jambo la kutyuni ambalo huwagusa wanamuziki wa pwani kwa namna ya pekee. Kodiani, ala ya siku nyingi katika taarabu, hutoa sauti kwa vibamba vya chuma ambavyo haviwezi kupandishwa wala kushushwa jukwaani. Ikiwa kodiani ipo juu kidogo ya kipimo cha kawaida cha mitetemo 440 kwa sekunde, wote wengine huifuata: fidla hukazwa, udi hukazwa. Piano ya nyuzi haiwezi kuifuata, kwa sababu kuibadilisha ni kuzunguka misumari zaidi ya 200. Kibodi huifuata kwa kubonyeza kitufe kimoja mara mbili tatu. Zaidi ya hapo, maqam kadhaa za Kiarabu, yaani mipangilio ya sauti, zilizoilea taarabu na zinazotawala muziki wa Omani na Ghuba zina sauti zinazoangukia katikati ya vitufe vya piano, robo toni kwa lugha ya mafundi. Mkutano wa muziki wa Kiarabu uliofanyika Kairo mwaka 1932 ulijadili kwa ukali kama piano ina nafasi yoyote katika muziki huo, na mafundi wa Misri na Lebanoni walijaribu kuunda piano maalumu zenye robo toni. Majaribio hayo yalibaki kuwa ya maonesho. Kibodi zilizotengenezwa kwa soko la Kiarabu, za Korg na Yamaha, zimelimaliza jambo kwa safu ya vitufe 12 vidogo: mpigaji huchagua sauti ipi ishuke robo, na kuirudisha wimbo unaofuata ukianza. Kwa muziki wa namna hiyo, kuiita kibodi mbadala wa piano ni kupindua mambo, maana piano ndiyo isiyoweza kazi.

Hoja ya pili ya watetezi ni mguso. Kitufe cha piano, wanasema, kinaongea na kidole. Kibodi hugawa nguvu ya kidole katika ngazi 127 za mfumo wa MIDI na kutupa yaliyobaki. Hoja hii hupendwa sana na walimu na huwatisha wanafunzi bila sababu. Ndani ya piano ya nyuzi, nyundo huachana na kitufe kabla haijaufikia waya. Hatua ya mwisho huiruka yenyewe, na baada ya kuachiwa hakuna kidole kinachoweza kuishauri. Kinachobaki mikononi mwa mpigaji ni kasi ya nyundo, wakati wa kuigonga na wakati wa kuizima. Mwanafizikia Mwingereza James Jeans aliliweka jambo hili kwa utani mwaka 1937, aliposema kuwa kwa nguvu ileile haijalishi kitufe kimebonyezwa kwa kidole au kwa ncha ya mwavuli. Wapiga piano hawakumsamehe. Ni kweli kwamba pana mambo madogo aliyoyapita haraka: mlio wa kidole kugusa kitufe, kitufe kugota chini, pedali inayokanyagwa nusu. Mambo hayo husikika kwa anayeketi karibu. Chini ya dramu hayasikiki hata na mpigaji mwenyewe, na kibodi za leo za vitufe vyenye uzito, vizito upande wa besi na vyepesi upande wa juu, zenye vihisi vitatu kwa kila kitufe, zinatosheleza kasi na kuzima kwa kiwango ambacho hata bodi ya mitihani ya ABRSM ya London huziruhusu katika mitihani ya piano, mradi ziwe na vitufe kamili vyenye uzito na pedali.

Wanaoshikilia hoja ya mguso husahau pia kwamba mguso wa piano za ukumbini ni bahati nasibu. Kitufe kimoja kigumu, cha pili kinabaki chini, cha tatu kinagonga mara mbili. Mpigaji aliyefanya mazoezi kwenye kibodi yake na kupanda nayo jukwaani ana mguso anaoufahamu, na hilo lina thamani kubwa kuliko tofauti ya ngazi 127 na zisizo na idadi.

Hoja ya tatu ni ya heshima, na ndiyo inayosemwa kwa sauti ya chini: kibodi si ala halisi. Historia ya piano yenyewe haiwapi watetezi nafasi ya kusimama hapa. Bartolomeo Cristofori wa Florence, aliyeibuni karibu na mwaka 1700, aliacha ala tatu ambazo bado zipo. Hazina fremu ya chuma, nyuzi zake ni nyembamba, na vitufe havifiki 60. Johann Sebastian Bach alipoonyeshwa piano za mwanzo za Gottfried Silbermann alilalamika kuwa sauti zake za juu ni hafifu na vitufe vizito, akaja kuridhika baada ya kurekebishwa. Mwaka 1774 Voltaire alisema kuwa mbele ya harpsikodi, piano ni ala ya mfua sufuria. Utaratibu wa nyundo wa Érard ulikuja mwaka 1821, fremu nzima ya chuma ya Babcock ikapewa hataza Boston mwaka 1825, na nyuzi zilizopishana za Steinway kwa piano kubwa mwaka 1859. Kila hatua ilipingwa na waliokuwa wamezoea ile ya nyuma. Hata kitufe cha kuhamisha ufunguo, kile ambacho wapigaji wa kibodi makanisani huchekwa kwa kukitumia mwimbaji anapoomba washuke nusu toni, hakikuanzia kwenye umeme: Irving Berlin, aliyewatungia Wamarekani nyimbo zao maarufu kwa miongo kadhaa, alipiga zaidi vitufe vyeusi na alitumia piano ya nyuzi yenye mkono maalumu ili wimbo ubadilike ufunguo vidole vikibaki palepale.

Isitoshe, ala za vitufe za umeme zina urithi wake ambao hauiigi piano. Harold Rhodes alianza kwa kuunda vinanda vidogo vya kuwafariji askari waliojeruhiwa katika Vita vya Pili vya Dunia, kwa vipuri vya ndege. Ala iliyokuja kubeba jina lake ilianza kuuzwa mwaka 1965. Joe Zawinul alipiga piano ya umeme katika “Mercy, Mercy, Mercy” ya Cannonball Adderley mwaka 1966, na miaka miwili baadaye Herbie Hancock alifika studio akakuta Miles Davis hajamwekea piano bali Rhodes, akaigusa kwa mashaka, akaipenda. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayesema rekodi hizo zingekuwa bora kwa piano ya nyuzi. Katika muziki wa dansi wa Kongo na Tanzania kibodi ilichukua nafasi ya tarumbeta na saksofoni kuanzia miaka ya 1980, na katika taarabu ya kisasa ilibeba peke yake kazi ya fidla na kodiani. Hapo pana lalamiko la kweli, la wapulizaji na wapiga fidla waliokosa kazi, na halipaswi kubezwa. Lakini ni lalamiko lao. Mpiga piano hakupokonywa kitu, kwa kuwa bendi hizo hazikuwa na piano ya kupokonywa.

Baada ya hayo yote swali hubaki: mbona maonesho mengi ya kibodi husikika vibaya kweli? Watu hawasingizii, sauti kavu, ya plastiki, isiyo na kifua, ipo na imewachosha wengi. Sababu zake, hata hivyo, ziko nje ya ala. Ya kwanza ni spika. Kibodi ikiunganishwa kwenye amplifaya ya gitaa, ambayo kwa makusudi haitoi sauti za juu sana wala za chini sana, piano hugeuka kuwa kitu kama marimba iliyofunikwa blanketi. Kibodi huhitaji spika pana, ya aina inayotumika kwa sauti ya mwimbaji au kwa muziki uliorekodiwa, na iwe na nafasi ya ziada, kwani pigo la piano hupanda ghafla na spika iliyokwishafika mwisho hukwaruza.

Sababu ya pili haijulikani sana na ndiyo yenye kuudhi zaidi. Sauti ya piano ndani ya kibodi imerekodiwa kwa njia mbili, kushoto na kulia, kwa maikrofoni zilizotengana. Fundi mwenye uhaba wa nafasi kwenye mixa huchukua njia zote mbili na kuzichanganya kuwa moja. Mawimbi yanayopishana hufutana: baadhi ya noti hudhoofika, nyingine huvimba, na piano husikika kana kwamba inatoka ndani ya bomba. Mpigaji hulaumiwa, kibodi hulaumiwa, na kesho yake mtu anasema piano ya nyuzi haina mfano. Tiba ni ama kutumia njia zote mbili hadi kwenye spika, ama kuchagua ndani ya kibodi sauti ya piano iliyoandaliwa kwa njia moja. Kibodi nyingi za jukwaani huwa nayo, na wachache huitafuta. Ongeza hapo pedali iliyochomekwa kibodi ikiwa imeshawashwa, ikafanya kazi kinyume, noti zikiachiwa zinaendelea na zikikanyagiwa zinakatika. Ongeza kistendi cha miguu iliyopishana kinachoyumba kila mpigaji akiweka nguvu, hadi mkono wenyewe unaanza kuogopa. Makosa haya yote hurekebishika kabla ya onesho. Ubao uliopasuka hauna tiba ya saa moja.

Umeme kukatika ndio udhaifu wa kibodi usio na jibu kamili. Wanaoutumia kama turufu hata hivyo wafikirie bendi nzima: gitaa limekufa, besi imekufa, maikrofoni imekufa, na jenereta inatafutwa. Piano ya nyuzi itakuwa hai kwa dakika hizo, ikipiga peke yake gizani. Kwa anayehofu, kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme hutosha kuibakiza kibodi, kwa kuwa hutumia umeme kidogo sana.

Upo uwanja ambao piano ya nyuzi haina mshindani, na kuukubali hakudhoofishi hoja. Mpigaji wa pekee, au mwimbaji na piano, au kundi dogo linalopiga kwa adabu ndani ya ukumbi wenye mwangwi mzuri, bila maikrofoni hata moja: hapo kila alichosema mtetezi wa piano ni kweli, na kuleta kibodi ni kupunguza. Kumbi zinazomudu piano nzuri, chumba chenye hewa iliyodhibitiwa na fundi anayekuja kwa ratiba zinastahili kuitunza na kuitumia kwa muziki wa namna hiyo. Kuna pia suala la umri. Piano iliyotunzwa huvuka miaka 100 na hufanyiwa ukarabati, wakati kibodi ikifika miaka 15 huanza kukosa vipuri na kuishia jalalani. Hilo ni doa la kweli, ila ni doa la kiwanda na la biashara ya vipuri, wala haliongezi chochote kwenye sauti ya bendi usiku wa onesho.

Matumizi ya fedha ndipo rai iliyozoeleka inapoumiza zaidi. Steinway ya kundi la D huuzwa kwa zaidi ya dola 150,000 za Marekani, na hata piano ndogo ya kawaida hugharimu usafirishaji, ushuru na utunzaji usiokoma. Kibodi nyingi za jukwaani zilizo bora hupatikana kati ya dola 1,000 na 3,000. Hoteli inayonunua piano ya nyuzi ili ionekane ina muziki wa hali ya juu, kisha ikaifungia kifuniko na kuweka chombo cha maua juu yake kwa sababu haijatyuniwa tangu ilipofika, ingepata kwa fedha hiyohiyo kibodi, spika mbili pana, mixa, kistendi imara na mshahara wa fundi mitambo wa miaka kadhaa. Orodha za mahitaji ambazo wasanii wanaozunguka hutumiana na waandaaji zinaonyesha kuwa wao wenyewe wameshaamua: bendi inayopiga kwa vipaza sauti huomba kibodi ya vitufe 88 vyenye uzito, pedali, njia mbili za kuingilia mixa na monita moja, na ni kawaida kutaja mifano miwili au mitatu inayokubalika. Mwandaaji anayejibu orodha hiyo kwa kutangaza kwa fahari kwamba ukumbi wake una piano ya zamani ya Kiingereza hajamfanyia msanii hisani yoyote.